Birika la Maji ya Mbao

Kwa miaka saba baada ya vita nilikuwa mtu wa mbu. Ndivyo watu wa Bagamoyo walivyoniita, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Nilipewa kofia, kata ya bati yenye mpini mrefu, kopo la mafuta machafu na daftari, nikawa naingia nyua za watu kuchungulia mitungi, madebe na visima. Penye viluwiluwi vya mbu namwaga mafuta, naandika, natoka. Wengi walinikaribisha kwa mdomo huku macho yao yananifukuza. Mwalimu hakujisumbua na hayo ya mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Miguu."

Maana yake nifute miguu kabla sijavuka kizingiti. Miaka saba nilifuta miguu pale, hata siku nilizokuwa nimetoka kuifuta mbele ya macho yake.

Jina lake silitaji. Wa ukoo wake wapo, na habari za kuzaliwa kwake wanazijua wao. Mimi nilimkuta mwanamke mtu mzima, mjane, mwembamba, mwenye chuo cha wasichana cha Kurani katika nyumba ya mawe nyuma ya mtaa wa maduka. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mwenye duka la pembeni, Mhindi wa umri wake aliyemuuzia unga na kubishana naye bei kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa.

Uani kwake palikuwa na birika la mawe na chokaa, urefu wa kitanda, kina cha kiuno. Halikuwa la kunywa wala la kutawadhia. Pale chuoni mtoto huandikiwa aya kwenye ubao kwa wino, akaisoma mpaka akaihifadhi, kisha ubao huoshwa ili aandikiwe nyingine. Maji yaliyoosha maneno ya Mungu hayamwagwi ovyo, maana mguu wa mtu haufai kuyakanyaga. Wengine huyapeleka baharini. Mwalimu aliyamwaga birikani, kama alivyofanya mwalimu aliyemtangulia, na kwa hesabu yake mle ndani mlikuwa na maneno yaliyopita vifuani mwa wasichana wote wa mtaa ule, pamoja na bibi zao.

Sasa maji yaliyotuama kivulini, kwa mtu wa kazi yangu, ni balaa tupu. Mwalimu alilijua hilo kabla serikali haijanituma. Aliagiza visamaki vidogo kutoka madimbwi ya Ruvu, vile visivyofika urefu wa kidole, ambavyo chakula chao kikubwa ni viluwiluwi. Pamoja navyo aliagiza mimea ya majini, majani marefu membamba kama utepe, akaipanda kwenye udongo aliotandaza chini ya birika. Watoto wa samaki walijificha humo wasiliwe na wazazi wao. Mimea ikistawi samaki huzaana, na samaki wakizaana viluwiluwi hawakui. Nilichota kwa kata yangu miaka mitano sikupata kitu. Niliandika "safi" kwa shingo upande, kwa sababu alisimama mgongoni kwangu akisubiri kuniona nikiandika.

Watu wanadhani jani likiwa la njano basi mmea una njaa, tupa samadi, mambo yamekwisha. Nilidhani hivyo na mimi. Mwaka wangu wa pili niliona majani ya birikani yamefifia, nikataka kumwonyesha kwamba hata mtu wa mbu ana akili. Nikaja na konzi ya samadi ya mbuzi, nikaitupa majini alipokuwa ndani anasikiliza watoto. Siku ya tatu maji yalikuwa kijani kama mchicha uliosagwa, na samaki kumi na mmoja wanaelea matumbo juu. Mwalimu aliwapanga juu ya ukingo, mmoja mmoja, akaniita niwaangalie. Hakusema neno. Hakuwa na fimbo chuoni kwake, na siku ile nilielewa kwa nini watoto waliuogopa ukimya wake kuliko wenzao walivyoogopa bakora.

Wiki iliyofuata ndipo aliponifundisha, na sijui mpaka leo kama ilikuwa huruma au adhabu. Alinikalisha ukingoni akauliza, "Ugonjwa umeanza na jani la zamani au jani jipya?"

Nikasema sikuangalia.

"Basi umetibu usichokiona."

Hilo lilikuwa swali lake kwa kila kitu. Ugonjwa ukianza na majani ya chini, yale makuukuu, mmea umekosa chakula cha aina inayohamishika: jani kuukuu linatoa fungu lake kuwapa wadogo juu, kama mama anayejinyima. Hapo ndipo alipoangalia zaidi. Jani kuukuu likitoboka vitundu vyenye ukingo wa kahawia, alifunga jivu la makumbi ya nazi kwenye kitambaa akalizika kidogo sana penye mizizi. Likipauka katikati ya mishipa huku mishipa imebaki kijani, alinunua haluli dukani, ile chumvi ya kusafishia tumbo, akatia ncha ya kijiko. Likigeuka njano lote, ndipo aliposhika samadi, nayo aliikandia ndani ya tonge la udongo wa mfinyanzi, akaliacha likauke, kisha akalisukuma chini ya mizizi. Majini haikutupwa kamwe. Hayo hakuyasoma popote. Alikuwa na miaka mingi na macho makali, basi.

Swali hilohilo aliwauliza akina mama. Mmoja alikuja kulalamika kwamba binti yake amekuwa mwongo. "Limeanza kwa jipya au la zamani?" akauliza Mwalimu. Mama hakuelewa. "Nauliza, ameanza yeye, au ameona nyumbani?" Yule mama aliondoka amenuna na hakurudi mwezi mzima, lakini binti hakuondolewa chuoni.

Asidhani mtu alikuwa malaika. Aliwakataza wasichana tambuu, naye alitafuna tangu asubuhi mpaka magharibi, akisema meno yake ameshayatumia. Serikali aliidanganya bila kupepesa. Kufuga mbuzi kwenye mtaa ule kulikatazwa, na siku moja nikiwa ukingoni mwa birika mbuzi akalia ndani chumbani. Nikamwangalia. "Mtoto ana kifua," akasema. Yule mtoto akalia tena. Nikafunga daftari. Ukimshukuru alikuuliza unadhani amekufanyia nini. Na kuomba radhi hakujua. Akikosea, na mara chache alikosea, alisema "Nimesikia," akageuka kufanya kazi nyingine, na ulitakiwa uridhike.

Kisha akaja mkubwa mpya wa afya kutoka Dar es Salaam, Mzungu mrefu asiyependa kukaa. Alitukusanya akatusomea amri: kila birika la wazi lisilo la kunywa, likikutwa na viluwiluwi, lijazwe kifusi na kushindiliwa. Yeye mwenyewe angepita baada ya mwezi mmoja kuhakikisha. Niliporudi mtaani niliona tayari vijana wanabomoa nyumba mbovu jirani na Mwalimu, na kifusi kimerundikwa, pamoja na matofali ya choo cha zamani. Uani kwake palikuwa na njia ya mkato ya kwenda madukani. Birika likijazwa, watu wangepita juu yake na viatu.

Nilikwenda siku ileile. Nilichota mara moja, nikaona viluwiluwi vinne vinajipinda ndani ya kata.

Mwalimu alikuwa mgongoni kwangu, kama kawaida. Sikugeuka. Niliangalia mimea. Majani ya chini yalikuwa kijani kizuri, lakini majani machanga juu, yote, yalikuwa meupe kama karatasi, yamebaki na mishipa tu. Mengine yalikuwa yanaoza kabla ya kukunjuka. Hapakuwa na pa kujificha mtoto wa samaki, na samaki wakubwa niliwahesabu watano.

"Andika," akasema.

Sheria ilikuwa wazi. Nimwage mafuta, niandike, nimjulishe mkubwa. Mafuta machafu juu ya maji yale. Niliweka kopo chini, nikaandika "safi".

"Nakupa mpaka atakapokuja mwenyewe," nikamwambia. "Siku ishirini na nane. Baada ya hapo sina uwezo, na kazi sina."

"Nimesikia."

Mwenye duka alimpa mitungi mitano ya kioo ya kuwekea pipi, na safari hii hakubishana bei. Mwalimu aliijaza maji ya birika, akapanda mche mmoja kila mtungi, akaipanga juani kwenye ukuta. Mmoja jivu, mmoja haluli, mmoja tonge la samadi, mmoja misumari yenye kutu. Wa tano aliuacha bila kitu, wa kulinganishia. Alikuwa anajua kwamba jani jipya likianza kuumwa chakula kilichokosekana ni kile kisichohama, ambacho kikishaingia jani kuukuu hakitoki tena. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye misumari. Alishawahi kuona mimea ya mtoni inavyonawiri penye chuma kilichotupwa.

Nilipita kila baada ya siku mbili, nikisingizia ukaguzi. Siku ya kumi misumari ilikuwa imetoa unga mwekundu chini ya mtungi, na jani jipya lilikuwa jeupe vilevile. Maji ya visima vya Bagamoyo yana chokaa nyingi. Kutu ikianguka humo hulala chini isipatikane na mmea wala mtu. Mitungi mingine ilikuwa haina hata dalili. Wakati huo birikani nilikuwa nachota viluwiluwi saba, nane, nikivimwaga juu ya mawe na kuvisaga kwa kisigino, halafu naandika "safi". Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na daftari lile lilikuwa na mwandiko wangu.

Siku ya kumi na nne alianguka Mwanahawa. Alikuwa msichana wa miaka kumi, yatima wa baba, aliyelala hapohapo nyumbani kwa Mwalimu, chumba kinachofungua dirisha lake juu ya birika. Alikuwa amehifadhi juzuu nyingi kuliko mwenzake yeyote. Homa ilimpanda mpaka akawa anaongea ovyo. Nilikwenda hospitali nikaomba kwinini, nikaileta mwenyewe. Mwalimu alimnywesha, akamkanda kwa kitambaa, akamsomea. Mimi nilisimama mlangoni na kata yangu mkononi, na macho yetu yalipokutana aliyaondosha yeye kwanza. Siku tatu za homa ile hatukuzungumza habari za birika.

Mtoto alipona. Alitoka ndani siku ya sita, miguu kama fito, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Wengine walisema ni homa, wengine dawa. Nani angejua mbu yule alitoka birika lipi? Mji ulikuwa na maji mengi. Hilo nilijiambia mara nyingi sana.

Zilikuwa zimebaki siku nane. Nilimkuta Mwalimu amekaa mbele ya mitungi yake, amechoka sijapata kumwona hivyo. Nikauliza swali la mkaguzi, lile tunalofundishwa kuuliza kila pahali: "Birika hili lilikuwa linapata kitu gani zamani ambacho siku hizi halipati?"

Aliondoa macho kwenye mitungi. Nilidhani amekasirika. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, akauacha hapo hewani, nikauona unavyotetemeka.

"Wino," akasema.

Tangu Ramadhani alikuwa ameacha kuandika mbao. Alikuwa amewaambia wazazi wanunue juzuu za chapa kutoka dukani, kwamba zinasomeka vizuri, kwamba dunia inakwenda mbele. Sote tulimwamini. Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa umemwasi na kalamu ya tete haikushikika. Aliona aibu, akaificha, na bila mbao hapakuwa na maji ya kuosha mbao. Na wino wake aliutengeneza mwenyewe siku zote: magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, yaliyochemshwa mpaka yakawa mekundu mazito, kisha misumari yenye kutu ikalowekwa humo mpaka maji yakawa meusi. Ile kutu iliyolala chini ya mtungi bila faida, ndani ya maji ya magome ilikuwa haianguki. Iliyeyuka, ikakaa, mimea ikaila miaka yote hiyo pamoja na maneno.

"Majani yameniumbua," akasema. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka siku zile, na kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja.

Nilimletea magome kutoka mikokoni siku ileile. Jioni wino ulikuwa tayari. Mwanahawa, akiwa bado amejifunga shuka, ndiye aliyeandika mbao, kwa kuwa alijua aya zote na mkono wake ulikuwa mzuri. Mwalimu alimwambia aya ya kuandika, akimwinamia sikio la kulia. Mbao ishirini ziliandikwa, zikasomwa, zikaoshwa, na maji yakaingia birikani meusi. Mwenye duka alileta samaki thelathini ndani ya debe kutoka Ruvu, akasema ni wa kwake, alikuwa amewachoka. Hakuwahi kuwa na samaki.

Siku ya tano ncha za majani machanga zilianza kuwa kijani. Yale yaliyokwisha kupauka hayakurudi. Jani likishaumia hivyo halirudi. Lakini kila lililochipua lilichipua na rangi yake.

Mkubwa wa afya alikuja siku iliyopangwa, asubuhi, na vijana wawili wa kifusi nyuma yake wakiwa na makarai. Aliangalia yale majani meupe. "Hii imekufa," akasema. "Maji mabovu."

"Tazama ya juu, bwana," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mapya ni mazima."

Alininyang'anya kata. Alichota katikati, hakuna. Alichota pembeni, hakuna. Kisha akaenda kwenye ile kona ya chini ya dirisha, ambako mimi nilikuwa nikipata viluwiluwi vingi kuliko kote, akaizamisha kata mpaka mkononi. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, ushungi umembana uso. Nilisikia watoto ndani wanasoma kwa pamoja, wakaacha. Kata ilipopanda ilikuwa na jani moja na samaki mchanga wa ukubwa wa punje ya mchele, anazunguka.

Mzungu alimwangalia kwa muda, akamrudisha majini polepole. Aliniambia niandike, akaenda zake. Vijana walibaki na makarai yao wakishangaa wapeleke wapi.

Niliacha kazi ile baada ya mwaka mmoja, nikahamia Kiwangwa kulima mananasi. Nikiulizwa sababu nilikuwa nasema mgongo. Miaka ikapita, na siku moja yule mwenye duka alinitumia salamu kwamba Mwalimu ni mgonjwa na ananiulizia. Nilikwenda na mananasi matatu. Nilifuta miguu.

Alikuwa kitandani, amebaki macho tu. Dirisha lilikuwa wazi na kupitia pale niliona birika, limejaa majani mpaka juu. Mwanahawa alikuwa ukingoni anaosha mbao. Alikuwa mwanamke mzima sasa, yeye ndiye mwalimu wa chuo, na mtoto akitaka kumsemesha alimgeuzia upande wa kulia bila hata kufikiri.

"Viluwiluwi niliviona mimi kwanza," Mwalimu akasema. Sauti ilikuwa ya kuvuta. "Siku nane kabla yako. Nikamlaza mtoto pale dirishani vilevile. Kumhamisha kungekuwa kukiri."

Nikasema mji ulikuwa na maji mengi.

"Hayo ya kwako uliyojiambia. Mimi nilikuwa naogopa maneno yasikanyagwe. Na yeye alikuwa nayo kifuani, karibu yote, na nikamwacha atetemeke." Alipumzika. "Nimetaka kumwambia. Mara tatu nimemwita, akaja akakaa hapo ulipo. Kila mara najikuta nimesemea sikio la kushoto. Ananiuliza, 'Umesema nini, Mwalimu?' Nasema, nataka maji."

Nje Mwanahawa alikuwa anamimina maji ya ubao wa mwisho. Nilijua nilichoitiwa. Nilijua pia kwamba daftari lile lilikuwa na mwandiko wangu, mara kumi na nne "safi", na kwamba hakuna mtu aliyebaki duniani wa kuniuliza.

Niliinuka nikatoka uani. Aliposikia hatua alitabasamu, akaweka ubao chini, akageuza kichwa kama anavyofanya. Nilizunguka birika mpaka nikawa upande wake wa kulia.